Tathmini ya PostgreSQL: Vizuizi vya Data Katika Majedwali

Kwa udhibiti wa data, PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, inastahili sifa hasa kwa kizuizi cha EXCLUDE, kilicholetwa na toleo la 9.0 mwaka 2010, ambacho huweza kukataa uwekaji nafasi mbili za chumba kimoja ambazo vipindi vyake vinaingiliana, kazi ambayo UNIQUE ya kawaida, kizuizi kinachokataa thamani zinazojirudia, haiiwezi. Funguo za kigeni, zinazounganisha jedwali moja na jingine, hazina la kulalamikia. Ninachokithamini zaidi ni NOT VALID: jedwali kubwa lenye data chafu huwekewa sharti la CHECK (kanuni ambayo data lazima itimize) linalobana mara moja safu mlalo mpya na zinazohaririwa, huku za zamani zikisubiri ukaguzi. Kasoro iko kwenye UNIQUE, ambayo kwa kawaida huruhusu NULL nyingi, yaani sehemu zisizo na thamani. Dawa yake, NULLS NOT DISTINCT, inayozihesabu NULL kuwa sawa, imechelewa mno, kwani ilifika mwaka 2022 katika toleo la 15.