Kadi thelathini kwa nili ya kufulia: duka la karatasi la Ngamiani

Harusi ya binti yangu ilipokwisha nilibaki na deni lisilolipika kwa pesa. Wanawake thelathini walikesha uani kwangu: wa kumenya vitunguu saumu, wa kuchambua mchele, wa kupalia makaa juu ya mifuniko. Kuwaandikia ujumbe wa simu niliona aibu. Mtu ametokwa machozi kwa moshi wa kuni zako usiku kucha, halafu umtumie maneno yaleyale uliyowatumia wenzake ishirini na tisa kwa mbonyezo mmoja? Nikaazimia kuwatengenezea kadi za shukrani kwa mkono wangu. Na kwa kuwa mfuko ulikuwa umeshatoboka, rangi ingekuwa moja tu: nili, hii ya kung'arishia kanzu, maana pakiti ilibaki kwenye ndoo ya kufulia.

Kwa hiyo manila na bahasha nilivinunua katika duka moja la vifaa vya shule, hapa Ngamiani, Tanga, kwenye barabara zetu za namba. Jina la duka silitaji kwa sababu nina lawama nalo, na mwenyewe ni mzee ninayemheshimu.

Niseme kwanza lililonifurahisha. Nilitaka manila nyeupe mbili, zile kubwa za A1, zikatwe vipande vya A5 ili kila kipande nikikunje kiwe kadi. Karatasi moja inatoa vipande 16, mbili 32, wanawake wangu thelathini na akiba ya mbili za kuharibu. Hesabu nilikuja nayo kutoka nyumbani, tena nimeiandika. Kijana wa mashine ya kukatia akaanza kupima, mzee akamzuia.

"Mwanangu, utazikunja vipi hizo?"

Nikamwonyesha: katikati, kadi iwe ya kawaida, sentimita kumi na nusu kwa kumi na tano hivi. Akaichukua manila, akaipinda taratibu kwa upande mmoja bila kuivunja, kisha kwa upande wa pili. "Sikiliza mkono wako," akasema. Nikajaribu. Kweli, upande mmoja inalegea kama kitambaa, upande wa pili inakaza. Nyuzi za karatasi zinalala kuelekea upande mmoja, na hii ya kwangu zilifuata urefu wake. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unatoka laini. Ukikunja kwa kuzikatiza nyuzi, unapasuka, unaota manyoya. Kwa nilivyopanga mimi, kadi zote 32 zingepasuka mgongoni. Kugeuza vipande viendane na nyuzi, karatasi moja ingetoa kumi tu, mabaki yakaenda kuwashia jiko.

Mzee akanipa njia ya tatu: kata vilevile 16, ila vikunje kwa urefu. Kadi inakuwa nyembamba, sentimita saba na nusu kasoro kwa ishirini na moja, na inaingia kwenye bahasha ndefu ya barua za ofisi. Inacheza kidogo ndani, lakini inaingia. Ushauri huu hakunidai hata senti. Nimenunua karatasi miaka mingi katika mji huu na hakuna aliyewahi kuniuliza nitaikunja vipi.

Sasa lawama. Nilipofika nyumbani nikazitandaza kadi kwenye mkeka, nikaona hazifanani. Kumi na sita zilikuwa nyeupe kama tui la kwanza la nazi, kumi na sita zilikuwa na umanjano, kama tui lililokaa. Dukani, chini ya ile taa, zote ziliitwa nyeupe. Ningekuwa nachora maua ya rangi tano nisingejali. Ukiwa na rangi moja, weupe wa karatasi ndio rangi ya pili, hauna pa kujificha. Nili nyepesi juu ya zile za manjano iligeuka kijanikijani, kama maji ya kisima kilichosahaulika. Nikazirudisha. Kijana akasema, "Mama, zimeshakatwa." Ni kweli zimekatwa, lakini aliyezikata ni yeye. Mzee siku hiyo hakuwepo. Bahasha nazo hivyohivyo: nusu nyeupe, nusu rangi ya biskuti, katika bunda moja.

Nikaamua zile zenye umanjano zipate nili nzito peke yake, na zile nyeupe hasa zipate daraja zote. Nilikoroga vikombe vitatu vya kahawa: kimoja nili nzito karibu na rangi ya kaniki, cha pili ya kati, cha tatu maji tu yaliyotiwa buluu. Jaribio la kwanza lilikuwa la fedheha. Asubuhi rangi ilikuwa imekauka vizuri, nikaipitisha kidole, ikatoka yote kama vumbi, na alama yake ipo kwenye dera langu jeupe mpaka leo. Nili haishiki karatasi yenyewe, inataka kitu cha kuigandisha. Nikaongeza kijiko cha gundi nyeupe ya maji kwa kila kikombe, ikashika.

Muhuri wangu ulikuwa bamia. Ikate bamia kwa mapana, utapata ua la pembe tano lenye vyumba vitano ndani, na hakuna fundi atakayekuchongea zuri kuliko hilo. Tena lilifaa, kwa sababu mchuzi wa bamia wa siku ile ndio uliosifiwa kuliko pilau. Tatizo ni ule mlenda, unaichujusha rangi. Niliziacha zilizokatwa zipigwe upepo saa nzima dirishani kabla ya kuzigusisha kwenye kipande cha sponji kilicholowa nili. Kuchovya mara moja kunatoa maua matatu: la kwanza limekolea, la pili limepoa, la tatu ni kivuli. Nikayapanga yakishuka kutoka juu ya kadi hadi chini, na ule wembamba ambao mwanzo niliukubali shingo upande ukayabeba vizuri.

Kabla ya kukunja nilipitisha kalamu ya biki iliyokwisha wino, rula pembeni, kisha nikaubana mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Hakuna hata moja iliyopasuka. Ila manila ilikuwa imekaa dukani imeviringishwa, na kadi zikawa zinajikunja zenyewe kwa unyevu huu wetu wa pwani. Ilibidi zilale chini ya godoro siku mbili, mimi juu.

Gharama: manila mbili shilingi 2,000, kukata 1,000, bahasha 32 kwa shilingi 100 kila moja, gundi 1,500. Jumla 7,700, nili na bamia vya nyumbani. Mashine yao inakata kwa unyoofu, isipokuwa safu ya mwisho ya karatasi ya pili iliyopungua milimita tatu hivi. Hilo nimelisamehe.

Kama unakwenda huko kwa kazi ya rangi moja, toka na karatasi hadi barazani uitazame juani kabla haijakatwa, na uchague kila bahasha kwa mkono wako hata kijana akinuna. Umuulize mzee, usimuulize kijana.

Kadi thelathini zimeshafika kwa wenyewe. Zimebaki mbili. Moja ina alama ya kidole gumba changu, nitakaa nayo. Nyingine nimemwandikia mzee, na nitampelekea Jumamosi nikienda kulalamikia zile bahasha za rangi ya biskuti.