Malengelenge ya boti ya faiba: fundi wa siku tatu na fundi wa wiki saba

Boti yangu ni faiba ya futi 19, na imekaa majini Mtwapa miaka mingi bila kupandishwa zaidi ya siku mbili tatu. Novemba nilitaka kuiuza. Nikaipandisha maji ya bamvua, nikasugua tumbo, na kumbe chini ya mstari wa maji imejaa vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Fundi wa kwanza alikwangua, akajaza puti ya magari, akapaka rangi. Siku tatu kazi kwisha, nikaishusha iking'aa. Januari akaja mnunuzi, tukaivuta tena nchi kavu. Injini hata hakuigusa. Alilala chali chini ya boti, akapapasa, akagonga kwa mpini wa bisibisi. "Kaka, hapa pana maji." Akadunga kidogo, likaruka tone lenye harufu kali kama siki. Aibu niliyoipata, acha tu.

Fundi wa pili nilielekezwa na wavuvi, na huyu ndiye ninayemsifu. Alibandika kipande cha nailoni tumboni mwa boti, akaziba kingo zote kwa utepe. Kesho yake nailoni ilikuwa na matone kwa ndani. Akaniambia maji hupenya jelikoti (lile tabaka jembamba la nje la boti) polepole, yakakutana na mabaki ya resini, yaani gundi inayoshika faiba, yakawa tindikali, na tindikali hiyo huvuta maji mengine mpaka jelikoti inavimba. Ukipaka rangi juu yake umeyafungia ndani.

Alifungua kila kipele kwa grenda, miwani machoni kwa sababu yale maji hufyatuka, kisha akaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena na tena. Halafu tukangoja. Wiki saba za kaskazi! Kila nikipiga simu kulalamika jibu ni moja: "Mzee, nailoni bado inatoka jasho."

Ilipokauka alijaza kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, badala ya poliesta, resini ya kawaida ya boti za faiba, akapiga msasa, akapaka epoksi tupu mikono minne. Alichanganya kikopo kidogo kidogo; siku aliyochanganya kingi, kwa joto letu hili, kilichemka na kuganda mkononi.

Kasoro zake: epoksi ni ghali, risiti hatoi, na ubavu wa kushoto rangi haikulingana. Kama vipele vingekuwa vitano sita tu, ningemwonyesha mnunuzi nikapunguza bei, maana boti haizami kwa hivyo.

Mnunuzi aliyefuata naye alilala chali. Nikamwonyesha picha za kazi yote kwenye simu, na ya kile kipande cha nailoni kikiwa bado kimebandikwa, kikavu.