Chura wa 4chan na "omera" wa Kondele

Misimu ya mtandaoni, yaani maneno na picha za utani, hutufikia Kisumu kwa njia mbili: kutoka mbali na kutoka karibu. Chura Pepe alitoka mbali: alichorwa na Mmarekani Matt Furie mwaka 2005, akadakwa na watu wasiotaja majina kule 4chan, jukwaa la mtandaoni, akasambaa duniani. Wabaguzi wa rangi wakamchafua, hata mwaka 2016 shirika la Anti-Defamation League, linalopinga chuki, likamworodhesha kama alama ya chuki. Vijana wanaomtuma kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi hawajui hayo, na linaniuma.

"Omera", yaani ndugu kwa Kijaluo, nalisikia karibu, Kondele hapa Kisumu, kwenye steji za matatu. Rafiki zangu wa Nakuru wasiojua Kijaluo huliandika pia. Nalipenda zaidi hili: nikilikosea, kuna mtu wa kunisahihisha.