Cherehani ya kushonea matanga na turubai: nilizozitumia na ninayoichagua

Ukienda kutafuta cherehani ya kazi nzito, muuzaji atakunja jinzi mara nane, akanyage pedali na kukuonyesha sindano inavyopenya. Usiyumbishwe na hilo. Jinzi ni laini, uzi aliotia ni mwembamba, na karibu cherehani yoyote ya chuma inapita hapo. Mwambie atie uzi mnene wa kazi za nje, ashone polepole, tone kwa tone, kwenye kitambaa kigumu cha tanga. Hapo ndipo nyingi huanza kuruka mishono. Nimeshona matanga, vifuniko vya boti na mapazia ya turubai kwa aina tatu za cherehani, na hukumu yangu juu ya kila moja inaanzia kwenye uzi inaoweza kuushika.

Kitambaa cha poliesta cha matanga, ambacho wengi hukiita Dacron, ni kigumu na kimebanana. Uzi hauzami ndani yake kama unavyozama kwenye pamba. Unabaki juu, unasuguliwa na kamba na nguzo, na jua linaupiga moja kwa moja, ndiyo maana tanga hufumuka mshononi wakati kitambaa chenyewe bado kizima. Kwa hiyo uzi uwe wa poliesta uliopakwa gundi ili usichambuke ukipita kwenye tundu la sindano, na uwe umetengenezwa kuhimili jua. Nailoni ina nguvu na inanyumbulika vizuri lakini jua linaimaliza mapema. Uzi wa PTFE (plastiki ambayo wengi huijua kama Teflon) haulegezwi na jua, ila unateleza kiasi kwamba mkazo wa kawaida hauushiki, lazima uanze kuurekebisha upya.

Unene wa uzi ninaotumia sana ni V-92, yaani Tex 90 (namba ikipanda, uzi unanenepa), kwa turubai la akriliki la gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Sindano yake ni ya unene wa 110/18 mpaka 120/19. Matanga ya boti ndogo yanatosheka na V-69 (Tex 70) kwa sindano 100/16 au 110/18. V-138 (Tex 135) naiweka kwa mikanda, pembe za tanga na popote panapovutwa kwa nguvu, na hiyo inataka sindano 125/20 hadi 140/22. Ukishajua uzi wako uko wapi kati ya hizo tatu, nusu ya cherehani zilizoko sokoni zimeshajiondoa zenyewe.

Cherehani za nyumbani huishia V-69, na chache za zamani hufika V-92 kwa shida. Kinachozizuia si mota peke yake. Tundu la bamba la sindano ni dogo, sahani za kukazia uzi ni nyepesi, na kulabu inayodaka uzi chini imepangwa karibu sana na sindano nyembamba. Ukiweka sindano ya 140 inaweza kugonga ncha ya kulabu, na ncha ikishapata mkwaruzo, kila uzi utakaopita hapo utachanika.

Kundi la kwanza nililotumia ni hizo za chuma za zamani zenye zigizaga (mshono unaokwenda kulia na kushoto), na Pfaff 130 ya Ujerumani ndiyo mfano wake mzuri. Kwa tanga jepesi na viraka bado naiheshimu. Inatumia sindano ya kawaida ya aina ya 130/705 H yenye ubavu bapa, inapatikana kirahisi, na zigizaga yake ya milimita 4 hivi inatosha kwa mishono ya matanga madogo. Singer 15 nayo ni ngumu kufa, lakini inashona mstari ulionyooka tu, kwa hiyo iweke kwenye turubai jepesi.

Zigizaga kwenye tanga haitafutwi kwa urembo. Upepo ukijaza tanga, kitambaa kinavutika, hasa mshazari. Mshono ulionyooka hauna pa kutoa: ama uzi unakatika, ama mshono unakunja kitambaa kama ukanda wa sketi. Zigizaga inafunguka kidogo na kurudi. Kipimo ninachopenda ni upana wa milimita 5 na hatua ya milimita 5, ambapo mistari inakutana kwa pembe mraba. Watu huibana wakidhani inaongeza nguvu, kumbe wanaongeza matundu, na kitambaa kigumu chenye matundu mengi kwenye mstari mmoja hupasuka humo humo. Vitambaa vizito vyenye zigizaga pana sana hunufaika na ile ya hatua tatu kila upande, lakini cherehani zenye uwezo huo ni chache na ni za karakana.

Tatizo la kundi hili ni meno ya chini peke yake kusukuma kitambaa. Kwenye mshono wa mita tatu, tabaka la chini linatangulia na la juu linabaki nyuma, mwisho unajikuta na sentimita nzima iliyozidi. Kwenye pazia utakata, maisha yaendelee. Kwenye tanga ziada hiyo imeshabadili umbo lake. Utepe wa gundi wa pande mbili, wa milimita 6, unasaidia sana hapa: bandika mshono mzima kwanza, kisha shona pembeni ya utepe. Ukishona juu yake gundi inapanda kwenye sindano, uzi unashikwa, mishono inaruka, na utailaumu cherehani bure. Ikitokea, futa sindano kwa spiriti au tone la mafuta ya silikoni.

Kundi la pili ni cherehani za kubebeka zenye mguu unaotembea. Humu ndani inayojulikana zaidi ni Ultrafeed LSZ-1 ya Sailrite ya Marekani, na hii ndiyo ninayoichagua kwa mtu anayeshona matanga na turubai pamoja. Mguu wake wa juu unanyanyuka na kukanyaga ukienda sambamba na meno ya chini, kwa hiyo matabaka yanafika mwisho pamoja. Mshono ulionyooka unafika milimita 6, zigizaga milimita 5. Inatumia sindano ya 135x17 yenye shina la mviringo. Hiyo haina ubavu bapa wa kukuongoza, kwa hiyo angalia mfereji mrefu na ule mbonyeo wa nyuma kabla ya kukaza skrubu. Sindano iliyogeuka kidogo tu inatosha kuruka mishono, na hii ndiyo sababu ya kwanza ninayoikagua kila nikisikia mtu anasema kulabu imepotea majira, yaani haikutani na sindano kwa wakati wake.

Gurudumu zito lenye mkono wa kuzungushia ni kitu ambacho sikukitarajia kuwa na maana kubwa, na sasa nisingenunua bila hilo. Uzito wake unahifadhi mwendo, kwa hiyo sindano inapenya pembe ya tanga yenye matabaka kumi hata ukienda taratibu. Umeme ukikosekana unaendelea kwa mkono. Cherehani yenyewe ina zaidi ya kilo 20. Neno kubebeka lichukulie kwa tahadhari.

Mipaka yake ni miwili. Nafasi kulia kwa sindano ni kama sentimita 18, kwa hiyo tanga lazima lizungushwe likaze kama mkeka na kubanwa kwa klipu. Ukiliacha lilegee, litajazana chini ya mkono na kuvuta sindano pembeni hadi ikatike. Pili, sindano yenyewe haitembei na kitambaa. Kwa tanga sioni tofauti. Kwa mito mizito na mikanda, unaiona.

Hapo linaingia kundi la tatu, la mezani, ambapo sindano, mguu na meno vyote vinasogea pamoja. Juki DNU-1541 ni ya aina hiyo: mshono wa hadi milimita 9, mguu unaonyanyuliwa kwa goti mpaka milimita 16, bobini kubwa, na sindano ileile ya 135x17. Toleo la DNU-1541S lina klachi ya usalama inayoachia uzi ukinasa kwenye kulabu, na kwa anayejifunza nasema afadhali hilo. Kwa vifuniko, mahema na viti sijaona kinachoishinda. Ila haina zigizaga, na meza yake haiondoki ilipowekwa. Anayeshona turubai tu asihangaike na kundi la pili, aje huku moja kwa moja.

Kuna kitambaa kimoja kinachozichanganya zote: nailoni nyembamba ya spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele. Meno makali ya mguu unaotembea yanaitia alama na mkazo wa uzi mnene unaikunja. Kwa hiyo, sindano ya 75 au 80, uzi mwembamba na ile cherehani ya nyumbani.

Sehemu inayovunja sindano kuliko zote ni pale mshono unapokutana na pindo. Hesabu mwenyewe: mshono uliofunikwa kwa kukunjwa pande zote una matabaka manne, na pindo la kukunjwa mara mbili linayageuza kuwa matatu mara manne, yaani 12. Kwenye akriliki ya nusu milimita hiyo ni milimita 6 iliyosimama ghafla kama ngazi. Mguu unapopanda, kidole chake kinaelekea juu na kisigino kinaning'inia, kitambaa hakibanwi, sindano inapinda, mshono unafupika au unaruka. Mimi nagonga makutano hayo kwa nyundo ya plastiki kwanza, kisha naweka kipande cha turubai kilichokunjwa nyuma ya mguu ili kisigino kiwe sawa na kidole. Kuanzia hapo naacha pedali na kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, mpaka nishuke upande wa pili. Na usivute kitambaa kwa nyuma kuisaidia cherehani. Ndivyo sindano inavyopigwa kwenye bamba.

Mota, sasa. Cherehani za mezani za zamani zina mota ya klachi inayozunguka muda wote, kama mizunguko 1,425 kwa dakika kwenye umeme wa 50 Hz au 1,725 kwenye 60 Hz. Ikiwa puli ya mota ni milimita 50 na ya gurudumu ni 100, unagawa kwa mbili: mishono zaidi ya 700 kwa dakika, karibu 12 kwa sekunde. Kwenye pembe ya tanga unataka mmoja au miwili. Fundi mwenye mguu mzoefu ataibembeleza klachi, wengine tuiondoe tuweke mota ya sevo ambayo inatulia pedali ikiachwa na ina kitufe cha kuwekea spidi. Sevo ikienda polepole sana hupoteza nguvu, kwa hiyo ongeza kipunguza mwendo cha puli cha tatu kwa moja. Kwa maoni yangu pesa ya kipunguza mwendo ina faida kuliko pesa ya mota kubwa zaidi. Na soma kibati: mota ya volti 110 ukiichomeka kwenye 220 itaungua hapo hapo.

Nakala za bei nafuu za kundi la pili ni nyingi, na chuma chake mara nyingi ni kilekile. Kilichopunguzwa ni kazi ya mwisho. Niliyopata mimi ilikuwa na ncha kali kwenye tundu la bamba na kwenye kipitishio cha uzi, meno yamekaa chini mno, na kulabu mbali na sindano. Zote zinarekebishika kwa msasa laini sana, bisibisi na mchana mzima wa subira. Meno yainuke kama milimita 1 juu ya bamba. Kulabu ipite kwenye mbonyeo wa sindano ikiwa imeachana nayo kwa unene wa karatasi tu, sindano ikiwa imepanda milimita 2.4 hivi kutoka chini kabisa. Asiyependa kushika bisibisi asinunue nakala.

Ukikagua iliyotumika, nenda na uzi wako, sindano mpya na mabaki ya kitambaa chako. Zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako bila uzi: liende laini, lisiwe na mahali linapokwama. Ikikwama kote, huenda ni mafuta yaliyoganda na yanalegezwa. Ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda. Fungua chini uangalie gia. Za plastiki zenye nyufa ni sababu ya kuaga. Kisha tia V-92, shika ncha mbili za uzi kwa mishono mitatu ya kwanza, na shona zigizaga pana kabisa. Ikiruka upande mmoja tu, kulabu au urefu wa mti wa sindano umehama. Ikijaza kiota cha uzi chini ya kitambaa, usiguse bobini: uzi wa juu haujakaa kati ya sahani zake, nyanyua mguu, utie upya.

Shona kwenda mbele, rudi nyuma, uone kama sindano inaingia matundu yaleyale. Isipoingia, urefu wa mshono wa kurudi haujalingana na wa kwenda, na kuna skrubu ya hilo. Kwenye Dacron nyembamba fundo litaonekana kidogo upande mmoja hata mkazo ukiwa sawa, kwa sababu hakuna unene wa kulificha. Usilifukuze kwa kukaza; kitambaa kitajikunja kabla fundo halijazama.