Kupima superkondakta kwa muoni pale ISIS: uzoefu wangu

Ukitaka kujua elektroni za superkondakta zimeungana vipi, mashine ya kupima ukinzani na uwezo wa joto itakupa nusu ya jibu. Nusu ya pili niliipata kwa muoni, chembe ndogo za jamii ya elektroni ila nzito zaidi, kwenye kifaa cha MuSR katika kituo cha utafiti cha ISIS, Oxfordshire, Uingereza.

Sampuli yetu ilikuwa Re6Zr (metali za reniamu na zirkoniamu), superkondakta ambayo ukinzani wake wa umeme hutoweka kwenye baridi kali, karibu na kelvini 6.75. Ndani ya fuwele yake hakuna kitovu ambacho kila atomu ya upande mmoja ina pacha wake upande wa pili. Spini ni kama sindano ndogo ya sumaku ndani ya chembe, na umeme usio na ukinzani hubebwa na elektroni zilizoungana mbili mbili. Kwa sababu ya umbo hilo la fuwele, jozi za elektroni zenye spini kinzani zinaweza kuchanganyika na zenye spini sambamba. Kwenye fuwele zenye kitovu hicho, mchanganyiko huo hauruhusiwi. Wengi walianza kuzifuatilia fuwele hizi baada ya superkondakta nyingine ya aina hii, CePt3Si, kutangazwa mwaka 2004. Tabu ni kwamba uwezo wa joto wa Re6Zr unaonekana wa kawaida kabisa. Ukiishia hapo utasema hakuna jipya.

Muoni huingia kwenye sampuli spini zao zikielekea upande mmoja, huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha huvunjika na kutoa positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) ambazo nyingi hufuata upande wa spini. Ukizihesabu mbele na nyuma, unajua kama ndani kuna uga wa sumaku. Tulifuta usumaku wa dunia kwa koili, tukapooza taratibu. Tulipovuka 6.75 kwenda chini, spini zikaanza kupoteza mwelekeo haraka zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilianzia palepale, kama ilivyoripotiwa mwaka 2014. Tukawasha uga mdogo sambamba na spini ili kuzishikilia, na tofauti hiyo ikatoweka, ishara kwamba ilitokana na uga dhaifu uliotulia ndani ya sampuli. Nilisisimka kweli: superkondakta ilikuwa inazaa usumaku wake yenyewe!

Watafiti wa vyuo hawalipi kutumia kifaa, ila ombi lako linashindanishwa na mengine. Wanasayansi wa kituo ni hodari na hawakuachi peke yako. ISIS hurusha muoni kwa mipigo, na kwa uga mkubwa uliokingama na spini mipigo hiyo ni mipana mno; afadhali kituo cha PSI, Uswisi, ambako muoni hutiririka bila kukatika.

Ukitaka kujua jozi zenye spini sambamba ni kiasi gani cha mchanganyiko, kipimo hiki hakitakwambia. Nenda na gramu kadhaa za poda safi, iliyokwisha kupimwa uwezo wa joto, na uibandike kwenye bamba la fedha, maana fedha haiwasumbui muoni.