Nimeomba orodha tu, nikaulizwa nimetumwa na nani

Sina kawaida ya kulalamika hadharani, lakini hili limenikaa kooni.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kinamama hapa Dar, tunatengeneza sabuni ya maji. Tuliomba mkopo wa manispaa, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Tukakosa. Sawa, kukosa kupo. Nikaandika barua kuomba orodha ya vikundi vilivyopata katani kwetu, na kila kimoja kilipewa shilingi ngapi. Si ni ushuru na leseni tunazolipa sisi wenyewe?

Dirishani masijala nikamkuta kijana. Hata shikamoo hakunipa. Akasoma barua amekunja uso. "Mama, umetumwa na nani?" Sijatumwa. "Wewe mwandishi wa habari?" Nikamtajia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, kwamba raia anaomba na ofisi ina siku 30 za kumjibu. Akacheka! Barua akaichukua, nakala yangu akakataa kuigonga muhuri. Aliyezoea ofisi zetu anajua: bila muhuri wa kupokelewa, wewe hukufika. Hizo siku 30 utazihesabu kuanzia lini?

Nikaapa ofisi nzima imeoza. Lakini niseme haki, dada mmoja wa maendeleo ya jamii alinikuta nimekaa kwenye benchi, akaondoka na ile nakala, akairudisha ina muhuri na tarehe. Mungu ambariki. Kwa ajili yake nilikuwa nimeamua ninyamaze.

Wiki zikapita, majibu yakaja, mistari miwili: taarifa hiyo ilishabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Nikaenda. Ubao uko nje, una kioo na kufuli. Karatasi imepauka kwa jua, majina ya vikundi unayasoma kwa kukisia, na safu ya fedha, ile ile niliyoiulizia, imefunikwa na tangazo la chanjo ya mbwa. Nikaomba wafungue. Mwenye ufunguo yuko likizo!

Basi nafuta huruma yangu. Wema wa dada mmoja hauwezi kuwasafisha wote.

Barua ya pili nimeshaiandika. Nakala nimetoa mbili, na pale dirishani sitoki mpaka zote zigongwe muhuri.