Flatt na Scruggs kwenye DVD: bendi iliyolelewa na kampuni ya unga

Ninachokipitia hapa ni DVD za kipindi cha televisheni cha Lester Flatt na Earl Scruggs, zilizoanza kutolewa na kampuni ya Shanachie mwaka 2007. Kila diski ina vipindi viwili vya nusu saa, picha nyeusi na nyeupe, na vingi ni vya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilizipata moja moja kupitia shemeji yangu anayeishi Marekani, kila alipokuja likizo. Mimi ni mpenzi wa country wa kawaida tu, kama Wakenya wengi wa rika langu tuliokuzwa na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni. Bluegrass, tawi la country linalopigwa kwa banjo, fidla na mandolini, niliijua kwa ule mdundo wa banjo unaosikika magari yakifukuzana kwenye filamu ya Bonnie and Clyde ya 1967, basi. Sasa nimezitazama diski hizi mpaka watoto wananikimbia sebuleni, na maoni yangu ni kwamba anayetaka kuielewa bendi hii aanze hapa, aache kwanza mikusanyo ya nyimbo zao zilizovuma.

Nieleze kidogo walikotoka. Flatt alizaliwa Tennessee mwaka 1914, Scruggs North Carolina mwaka 1924, na wote wawili walifanya kazi kwenye viwanda vya nguo kabla ya muziki kuwalisha. Walikutana mwaka 1945 kwenye bendi ya Bill Monroe, mzee anayehesabiwa kuwa mwasisi wa bluegrass. Flatt akiimba na kupiga gita, Scruggs akiwa na banjo yake ya vidole vitatu, bendi ya Monroe ilifika kilele ambacho wengi wanasema haikukirudia. Mwaka 1948 wakaondoka, wakaunda bendi yao, Foggy Mountain Boys. Monroe hakuwasamehe kwa miaka zaidi ya ishirini. Kinyongo hicho utakisikia kwenye muziki wenyewe ukijua pa kusikiliza. Mandolini, chombo cha Monroe, wao waliisukuma nyuma kabisa ibaki kugonga mapigo, na mwaka 1955 wakamleta Josh Graves na dobro yake, gita la kulazwa linalolia kama mtu, ili mtu asije akawachanganya na mzee.

Halafu unga ukaingia.

Mwaka 1953 kampuni ya Martha White ya Nashville, wauzaji wa unga wa ngano unaoumuka wenyewe, iliwachukua kwa kipindi cha alfajiri kwenye redio ya WSM, saa ambayo mama yuko jikoni na mkulima anavaa buti. Monroe alikuwa na sauti kubwa kwenye Grand Ole Opry, jukwaa la Jumamosi usiku la redio hiyohiyo, na hakutaka kuwaona hapo. Cohen Williams, mkuu wa Martha White, akawaambia wenye Opry kwamba vijana wake wasipopewa nafasi, matangazo yake yataondoka. Mwaka 1955 wakaingia. Mimi nimefanya biashara ya rejareja miaka mingi na sijawahi kusikia mfadhili akimpigania mwanamuziki namna hiyo. Kwetu mfadhili hutaka nembo yake iwe kubwa kuliko jina la bendi, kisha hulipa nusu.

Mwaka huohuo televisheni ikaanza, na kanda za video zilikuwa bado hazijaenea. Kwa hiyo bendi nzima ilipanda basi ikazunguka kila wiki kutoka kituo kimoja hadi kingine, Georgia, South Carolina, West Virginia, ikicheza mubashara kila mahali, kisha Jumamosi wawe wamerudi Nashville kwenye Opry. Fikiria barabara za miaka ile, milimani. Kilichomo kwenye DVD hizi ni vipindi vya baadaye kidogo, vilivyorekodiwa, lakini mazoea ya kucheza mubashara yamo. Hakuna anayeangalia kamera kwa woga, wala hakuna anayerudia alipokosea.

Na kitu cha kutazama zaidi ni maiki. Iko moja, katikati. Watu sita wenye kofia pana na tai nyembamba wanaizunguka, kila mmoja anaingia zamu yake ikifika na kutoka bila kumgusa mwenzake. Paul Warren anaingia na fidla, upinde juu, anapiga mistari yake, anarudi nyuma kinyumenyume huku Graves anapenya upande wa pili na dobro imeinuliwa kifuani. Scruggs anasogea, Flatt anampisha bila hata kutazama. Kwenye santuri unasikia banjo ikipanda na kushuka, unadhani fundi wa studio amezungusha kitasa. Kumbe ni mwili wa mtu uliokwenda mbele hatua mbili. Na huyu Scruggs alipata ajali mbaya ya gari mwaka 1955 iliyomuumiza nyonga zote mbili. Nilipolijua hilo nilirudi kumtazama miguu badala ya vidole.

Lakini vidole ndivyo vilivyonifanya ninunue diski ya pili. Mpiga kamera wa kipindi hiki, sijui nani alimfundisha, alijua kuusogelea mkono wa kulia. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimevalishwa kucha za bandia, vinapokezana noti bila kukatika, na wimbo unajitokeza katikati ya mvua hiyo. Aliyekulia kwenye omutibo, ule mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya wa akina George Mukabi, ataona kitu anachokijua, yaani gumba linalotunza njia huku vidole vingine vikiimba, ila hapa kasi ni mara mbili na uso wa mpigaji umetulia kabisa. Scruggs haongei. Kipindi kizima anaweza kutamka maneno machache tu. Ukifika wakati wa wimbo wa dini, anaweka banjo chini, anachukua gita na kulipiga kwa vidole, upole mtupu, kwa namna iliyo karibu sana na ya Maybelle Carter, mpiga gita mkongwe wa country. Na Mama Maybelle mwenyewe yumo kama mgeni, amekaa na gita lake, wanaume wote wamejipanga kwa adabu.

Banjo yenyewe, tusisahau, ilitengenezwa kwanza na Waafrika waliochukuliwa utumwani, kule Karibi na Marekani, kwa kukumbuka vyombo vya Afrika Magharibi. Diski hazigusii hilo hata kidogo, na nyuso zote studio ni za Wazungu. Sikutarajia kipindi cha kuuza unga Kusini mwa Marekani mwaka 1961 kingesema, ila nilitaka angalau karatasi ya maelezo iliyochapishwa leo iseme.

Kuhusu matangazo, nilidhani nitayaruka. Sikuyaruka. T. Tommy Cutrer, mtangazaji wao, anashika mfuko wa unga na kueleza mikate midogo ya asubuhi kwa imani ambayo wahubiri wengine hawana. Hot Rize, jina la kile kiumulio cha kwenye unga, baadaye lilichukuliwa na bendi nyingine ya bluegrass iliyoanza Colorado mwaka 1978. Ila ukitazama diski tatu kwa mfululizo utachoka. Vichekesho vya Jake Tullock, mpiga besi, na Josh Graves vinafuata njia ileile kila wiki, na lafudhi ya Flatt ni nzito kiasi kwamba mke wangu, ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, aliniuliza kama anaongea lugha nyingine. Picha kwenye baadhi ya vipindi ina chenga. Sauti lakini ni safi kuliko nilivyotegemea.

Kuna kipindi cha 1961 ambamo mtoto wa miaka saba anapandishwa jukwaani na mandolini, Flatt anamwinamia kama babu. Mtoto huyo ni Ricky Skaggs, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota wa country kwa haki yake. Haonyeshi hofu yoyote. Kama utanunua diski moja tu, itafute hiyo.

Asiyeonekana hata mara moja ni Louise Scruggs, mke wa Earl, ingawa ndiye aliyekuwa meneja wao, akipanga maonyesho na kujadili mikataba wakati ambapo wanawake wa kazi hiyo Nashville walihesabika. Watengenezaji wa The Beverly Hillbillies, kichekesho cha televisheni kuhusu familia ya mashambani, walipoitaka bendi kwa wimbo wa kufungulia kipindi, ni yeye aliyekataa kwanza, akihofia watu wa mashambani watachekwa. Alikubali alipoonyeshwa kipindi cha majaribio. Toleo lao la wimbo huo lilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya country mapema 1963, la kwanza la bluegrass kufanya hivyo.

Hapo ndipo DVD zinakuacha, na mwisho wa safari utabidi uutafute kwenye santuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni yao ya kurekodi, Columbia, iliwasukuma kwenye nyimbo za Bob Dylan na za vijana wa mjini. Scruggs aliyafurahia mabadiliko, wanawe walikuwa wanapiga muziki huohuo. Flatt aliziimba nyimbo hizo kama mtu anayesoma barua ya jirani. Nimezisikiliza na sizipendekezi. Mwaka 1969 wakaachana, Scruggs akaunda bendi na wanawe, Flatt akaunda Nashville Grass, na Martha White wakaenda na Flatt.

Nazipa nyota nne. Ninayoipunguza ni ya maelezo hafifu na vichekesho. Anayejifunza banjo au gita azinunue bila kusita, kwa sababu anaweza kusimamisha picha na kuuona mkono. Deki yangu ya bei rahisi inacheza diski zote, lakini za Marekani hukataliwa na baadhi ya mashine, kwa hiyo jaribu moja kwanza kabla ya kuagiza mzigo. Asiyejali kuona na anataka nyimbo tu, aende kwenye tamasha lao la Carnegie Hall la tarehe 8 Desemba 1962, toleo la 1998 lenye onyesho zima, maana santuri ya 1963 ilikatwakatwa. Humo utawasikia watu wa New York, waliolipa kiingilio kwenye ukumbi wa heshima, wakipaza sauti kutoka vitini kuomba tangazo la unga.